Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mhadhara juu ya Askari Waliotoweka Wakaitwa Watoro



Nimekuja kumsemea mtu mmoja ambaye hawezi kujisemea: askari aliyetoweka, jeshi lake likamwandika mtoro, na miaka mingi baadaye mifupa yake ikaonekana ikishuhudia kwamba hakukimbia popote. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huo unaeleza namna dunia inavyowatendea waliokosekana. Mimi nasema haufai kuwa kanuni ya serikali.

Hoja yangu ni moja na nitaitoa mapema. Mamlaka iliyomchukua kijana kwa wazazi wake na kumvalisha sare ndiyo inayodaiwa kujua alipo. Akikosekana, kazi ya kuthibitisha kilichompata ni ya mamlaka hiyo. Kumwandika mtoro kabla ya kumtafuta ni kumbebesha marehemu deni la waliomwajiri. Na kwa kuwa marehemu halipi, watakaolipa ni mama yake, mkewe na watoto wake.

Tuanze na Robert Daniel Corriveau. Alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwenye cheo cha lance corporal katika jeshi la Marine. Alipigana Vietnam, akajeruhiwa, akatunukiwa Purple Heart, nishani ambayo Wamarekani huwapa askari waliomwaga damu vitani. Aliporudishwa kwao alitibiwa katika hospitali ya Jeshi la Majini mjini Philadelphia. Novemba 1968 alitoweka hospitalini hapo. Siku zikahesabiwa, na jeshi likamwandika mtoro.

Novemba hiyo hiyo, kando ya barabara kuu ya Pennsylvania Turnpike, katika wilaya ya Chester iliyo magharibi ya Philadelphia, ulikutwa mwili wa kijana aliyechomwa kisu. Hakuwa na kitambulisho chochote. Alichokuwa nacho ni tatuu ya mbwa aina ya bulldog, mnyama ambaye Marine wamemfanya nembo yao, pamoja na herufi USMC, ambazo ni kifupi cha jina la jeshi hilo. Alizikwa bila jina. Ilipofika mwaka 2012, baada ya polisi wa jimbo kulifukua kaburi na kulinganisha DNA ya mabaki na ya ndugu zake, ndipo ilipothibitika kwamba yule maiti wa barabarani ndiye askari aliyetoweka hospitalini. Ilikuwa imepita karibu miaka 44. Jeshi likamfutia utoro. Aliyemuua hakuwa amejulikana.

Tafadhalini tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna fundisho lote. Kati ya hospitali ile na mahali pale barabarani ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Upande mmoja palikuwa na ofisi yenye jina lisilo na mwili. Upande wa pili palikuwa na ofisi yenye mwili usio na jina, tena mwili wenye nembo ya Marine kwenye ngozi. Kwa nini ofisi hizi mbili hazikukutana kwa karibu miaka 44? Zipo sababu za nyenzo, kwa kuwa mwaka 1968 kipimo cha DNA hakikuwapo. Lakini ipo sababu iliyotangulia nyenzo. Mtoro hutafutwa kwao, kwa mchumba wake, kwa marafiki na mipakani. Aliyepatwa na janga hutafutwa hospitali, vituo vya polisi na mochwari. Jeshi likishaamua kwamba kijana ni mtoro, limeshaamua pia mahali pa kumtafuta na mahali pa kutomtafuta. Neno moja katika daftari la kikosi lilitosha kuwaelekeza watafutaji mbali na maiti.

Sasa tuiulize sheria. Katika sheria ya kijeshi ya Marekani, kama katika sheria za kijeshi za nchi nyingi, kosa la kutoroka jeshi lina nguzo yake, nayo ni nia. Kwa kawaida mwendesha mashtaka lazima aithibitishie mahakama ya kijeshi kwamba mtu huyu aliondoka akikusudia kutorudi tena. Aliyechelewa likizo au aliyelewa akalala mjini ana kosa jingine, dogo zaidi. Hadi hapo sheria ina busara. Lakini pembeni ya mahakama kuna karani. Kwa taratibu za kiutawala za majeshi ya Marekani, askari asiyeonekana kwa siku 30 huondolewa kwenye orodha ya kikosi na kuandikwa mtoro. Karani haulizi nia, ila anahesabu siku. Hivyo kalenda ikapewa kazi ya hakimu, na mtu ambaye hakuna mahakama ingethubutu kumtia hatiani akabeba jina la mkosaji kwa sababu ya kutokuwapo tu. Na maiti, ndugu zangu, ana uhakika wa kutokuwapo siku ya 30.

Linganisheni na mambo tuliyoyazoea hapa kwetu. Sheria za ushahidi tulizozirithi kutoka kwa Waingereza zinataka mtu akae miaka 7 bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangemsikia, ndipo achukuliwe kuwa amekufa. Fikihi ya Kiislamu, ambayo makadhi wetu wa Pwani na Visiwani wameifuata kwa karne nyingi, inamtazama aliyepotea kuwa yu hai mpaka kuwe na ushahidi au hukumu. Mali yake haigawanywi kwa sababu jirani amechoka kungoja, na kadhi ndiye mlinzi wa haki zake. Hekima ya mifumo hii miwili ni moja: kutokuwapo kwa mtu hakumpunguzii haki, bali kunawaongezea wajibu waliobaki. Basi inakuwaje tunangoja miaka 7 kabla ya kusema fulani amekufa, halafu jeshi lingoje siku 30 tu kabla ya kusema fulani ni mtoro?

Najua jibu la makamanda, nalo linastahili kusikilizwa. Watoro wapo. Katika kila jeshi, vijana wengi wanaokosekana kwenye gwaride wameondoka kwa miguu yao, kwa hofu, kwa njaa, kwa mapenzi au kwa kuchoka. Kamanda ana vita ya kupigana, mishahara ya kusimamia na nafasi za kujaza. Hawezi kusimamisha kikosi kila kijana anapochelewa. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalomlazimisha kuandika uongo. Hali ya mtu ambaye hatujui alipo ipo, na inaweza kuandikwa kama ilivyo. Mshahara unaweza kusimamishwa na nafasi ikajazwa bila mtu kutiwa doa. Doa hilo lina faida moja tu kwa ofisi: linafunga swali. Likishafungwa, hakuna anayeulizwa nani alimwona mwisho, nani alikuwa zamu, nani aligombana naye, mlango gani ulikuwa wazi.

Na swali likifungwa hivyo, wako watakaojificha nyuma yake. Argentina imetuonyesha jambo hili kwa uchungu mkubwa. Baada ya majenerali kupindua serikali Machi 1976, maelfu ya raia walitekwa na kupotezwa. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuwa katika utumishi wa lazima jeshini, yaani watu waliokuwa chini ya amri na ulinzi wa jeshi lenyewe. Mama akienda kambini kumwulizia mwanawe, aliweza kuambiwa kwamba mwanawe ametoroka. José Luis D'Andrea Mohr, kapteni mstaafu wa jeshi hilo hilo, alikusanya habari zao katika kitabu alichokiita kikosi kilichopotea, akaorodhesha vijana 129. Hapa uvivu wa karani haukuwa na nafasi. Hati ya utoro ilitengenezwa ili ifanye kazi, kwa kuwa waliojua kijana alipo ndio walioandika kwamba hawajui.

Utawala wa majenerali ulianguka mwaka 1983, lakini mazoea ya daftari yalibaki. Machi 1994 kijana Omar Carrasco aliripoti katika kambi ya mizinga ya Zapala, mkoa wa Neuquén. Siku chache baadaye hakuonekana, na jeshi likamwandika mtoro. Wazazi wake walifunga safari kwenda kumtembelea wakaambiwa mtoto wenu amekimbia. Hawakuikubali kauli hiyo. Walipiga kelele hadi magazeti yakawasikia. Mwezi mmoja baada ya kutoweka kwake, mwili wa Omar ulipatikana ndani ya eneo la kambi hiyo hiyo. Alikuwa amepigwa. Mtoro hakuwa amevuka uzio. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla mwaka haujaisha Rais Carlos Menem alifuta utumishi wa lazima jeshini wakati wa amani, desturi iliyodumu tangu mwanzo wa karne ya 20. Yawekeni moyoni, vijana: wazazi wawili wa kawaida walioikataa hati walibadili sheria ya nchi nzima.

Iko nchi iliyokwenda mbali zaidi, ikaugeuza mzigo huu wa familia kuwa amri ya taifa. Tarehe 16 Agosti 1941, majeshi ya Ujerumani yakiwa yamepenya ndani ya Umoja wa Kisovieti, Stalin alitoa Amri namba 270. Makamanda waliojisalimisha wakahesabiwa kuwa watoro waovu ambao familia zao zingekamatwa. Familia za askari wa kawaida waliojisalimisha zingenyimwa posho na msaada wa serikali. Sasa fikirini maana yake kwa mke wa askari ambaye barua zake zimekatika. Ikiwa ameanguka vitani, yeye ni mjane wa shujaa. Ikiwa ametekwa, yeye ni mke wa msaliti. Ikiwa hajulikani alipo, basi anaishi katikati, akitazamwa kwa shaka kila anapoomba kazi au mtoto wake anapoomba kusoma. Hesabu zilizotolewa baadaye na wanahistoria wa jeshi wakiongozwa na Jenerali Krivosheev zinaonyesha kwamba waliotekwa au kupotea bila habari walizidi milioni 4.5. Milioni nne na nusu za nyumba zilizobaki katikati.

Baadhi ya watu hao hawakuwa wamekwenda mbali. Katika misitu na vinamasi vya Novgorod, karibu na kijiji cha Myasnoy Bor, Jeshi la Pili la Mashambulizi lilizingirwa mwaka 1942 likaangamia kwa njaa na mizinga. Kamanda wake, Jenerali Andrei Vlasov, alitekwa kisha akajiunga na Wajerumani, na aibu yake ikawaangukia askari wake wote, hata wale waliokufa wakiwa na bunduki mikononi. Hakukuwa na haraka ya kuwazika watu wa jeshi lenye jina baya. Kijana wa hapo hapo, Nikolai Orlov, mfanyakazi wa reli, ndiye aliyeanza baada ya vita kuingia msituni, penye mabomu yaliyokuwa bado hayajalipuka, akikusanya mifupa na kutafuta majina. Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 1980. Baadaye vikundi vya kujitolea viliifuata njia yake, na hadi leo kila mwaka vinaingia msituni kuchimba.

Wanachokitafuta zaidi ni kichupa cheusi cha ebonaiti, kidogo kama kidole, ambacho askari wa Kisovieti alipewa akihifadhi ndani yake karatasi yenye jina lake, kijiji chake na jamaa yake. Wengi hawakuijaza karatasi hiyo, wakiamini kwamba kuijaza ni kujiitia kifo, na mwishoni mwa mwaka 1942 vichupa hivyo viliacha kutumika. Lakini pale ambapo kimepatikana kikiwa kimefungwa vizuri na wataalamu wakaufungua ule mkunjo wa karatasi, maandishi yamesomeka baada ya miaka 50, 60, hata zaidi. Kisha hutafutwa mtoto au mjukuu, naye huambiwa: baba yako hakupotea, alifia kwenye mstari wake. Watu wazima wenye mvi wamelia kwa habari hiyo. Na kilio hicho kinaeleweka. Kifo cha baba walikuwa wamekwisha kukizoea. Wasichoweza kukizoea ni shaka iliyopandwa juu yake, na shaka hiyo ndiyo iliyoondolewa siku ile.

Katika jeshi hilo hilo la Myasnoy Bor alikuwamo mshairi wa Kitatari, Musa Jalil, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la askari. Juni 1942 alijeruhiwa akatekwa. Wajerumani walimwingiza katika kikosi walichokiunda kwa mateka wa Kitatari na wa mataifa jirani, naye akakitumia kuendesha upinzani wa siri dhidi yao. Waligundulika. Tarehe 25 Agosti 1944 aliuawa kwa kukatwa kichwa katika gereza la Plötzensee, Berlin. Huko kwao, baada ya vita, jina lake liliingizwa katika faili la wasaliti wanaotafutwa. Kilichomwokoa ni madaftari mawili ya mashairi aliyoyaandika katika gereza la Moabit, yakatolewa na mateka wenzake, mmoja wao Mbelgiji. Mashairi yalipochapishwa mwaka 1953 ukweli ulianza kujitokeza. Mwaka 1956 alitangazwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1957 akapewa Tuzo ya Lenin. Jalil alikuwa na kalamu na marafiki waaminifu. Je, mkulima aliyetekwa kama yeye, asiyejua kuandika beti, nani angemtolea ushahidi? Haki inayongoja mtu awe mshairi mkubwa ndipo impate si haki ya kutegemewa.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya zamani au ya tawala za kimabavu peke yake. Agosti 2019 askari kijana wa Marekani alitoweka jirani na kambi ya Fort Hood, jimbo la Texas. Akaandikwa mtoro. Juni 2020 mabaki yake yalipatikana mjini Killeen, mji unaopakana na kambi. Wakati huo taifa lilikuwa likimtafuta askari mwenzake, Vanessa Guillén, ambaye alikuwa ameuawa ndani ya kambi hiyo hiyo mwezi Aprili. Familia zilidai majibu, na uchunguzi huru ukafanyika. Desemba 2020 Waziri wa Jeshi, Ryan McCarthy, alitangaza kuchukuliwa hatua kwa viongozi 14 wa kambi, na pia utaratibu mpya: askari akikosekana, katika saa 48 za kwanza ahesabiwe kuwa hayupo kwa sababu isiyojulikana, atafutwe, na familia yake ijulishwe. Kamanda anayetaka kumwita mtoro ndiye alete ushahidi kwamba aliondoka kwa hiari. Mnaona kilichotokea? Mzigo wa kuthibitisha umerudishwa mahali pake. Ilichukua jeshi tajiri kuliko yote duniani miaka 52 tangu Corriveau atoweke, na ilihitajika damu nyingine ili lifike hapo.

Mnaweza kuniuliza: haya ya Pennsylvania na Novgorod yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu ardhi yetu imebeba mifupa ya namna hiyo kwa wingi unaotisha. Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalifukuzana kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma na kupita hadi Msumbiji, na sehemu kubwa ya risasi na magunia ya unga ilibebwa kichwani na watu. Waliobeba walikuwa mamia ya maelfu, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Mpagazi aliyeanguka nyuma ya msafara aliachwa pale pale. Msafara ukifika kituoni bila yeye, nani angesema kama amekufa au ametoroka? Na kwa kuwa wengi kweli walitoroka kunusuru maisha yao, hakukuwa na aliyerudi njiani kutazama. Kumbukumbu ya kambi zao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na sanamu za askari zimesimama Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Majina ya watu hayamo.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliofia upande wa Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ubaguzi, ripoti ikasema wazi, ulichangia. Kwa babu zetu hao tume ya wakoloni iliitumia ile methali niliyoanza nayo, ikaifanya sera.

Ndugu zangu, sikuja kulaumu tu. Nayataka mambo manne, na ninayataka kwa majeshi yetu, yanayopeleka vijana Somalia, Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

La kwanza, utoro uthibitishwe kwa ushahidi wa nia, na mpaka hapo askari asiyeonekana aandikwe kuwa hajulikani alipo. La pili, jeshi lipeleke taarifa na alama zake polisi, hospitali na mochwari tangu siku ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo penye majibu ambayo muda unayafuta. La tatu, posho ya familia isikatwe kwa neno la karani. Mtoto wa miaka 6 hana utoro. La nne, sampuli za DNA za jamaa zihifadhiwe na nyaraka za waliopotea zifunguliwe kwa warithi, ili kosa likigunduliwa hata baada ya miaka 40 lifutwe kwa maandishi, hadharani, na malimbikizo yalipwe.

Na kwenu mlio na ndugu aliyepotea katika utumishi, nawaombeni msiikubali hati kwa sababu ina muhuri. Ulizeni nani alimwona mwisho. Ombeni jibu la maandishi. Wekeni picha zake, namba yake ya jeshi na barua zake mahali pakavu, na wafundisheni watoto kuziulizia mtakapochoka. Wazazi wa Omar Carrasco hawakuwa na cheo. Walikuwa na uhakika kwamba mwana wao hana sababu ya kuwakimbia, wakaushikilia hadi kambi ikamtoa. Taifa linalodai uhai wa vijana wake linadaiwa nalo kujua wamelala wapi, na sisi tuliobaki ndio wa kulidai.